Kiimbo Kilichovuliwa Maneno

Mstari wa sauti ulipanda mahali ambapo hapakuwa na sauti.

Mtafiti aliuona kwenye kompyuta yake saa nane mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Msomaji wa Kicheki katika rekodi alikuwa amenyamaza, lakini mstari uliendelea kupanda na kushuka taratibu. Akamwita fundi mitambo. Fundi akasema ni waya mbovu, na kwa kuwa fundi hakosi sababu, mama wa watu akaridhika.

Kazi yake ilikuwa kuchukua maongezi ya Kicheki na lugha nyingine, kuyachuja hadi maneno yote yatoke, kibaki kiimbo kitupu, kama mtu anayeguna amefumba mdomo, kisha kuwaomba wasikilizaji wakisie lugha. Kicheki kilikuwa rahisi. Wacheki hukaza silabi ya kwanza ya neno. Sisi Waswahili hukaza ya pili kutoka mwisho. Hata mtoto angetofautisha.

Na mtoto alikuwapo. Bintiye wa miaka sita, waliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alimsubiri kila siku baada ya shule katika chumba cha kurekodia, hedifoni masikioni, akiguna pamoja na mashine. Mama aliona nafuu: mtoto katulia, kazi inakwenda.

Siku ya tatu tangu mstari ule upande, chumba hicho kilinuka nywele zilizoungua. Jioni, nyumbani, alimwita Kasuku mezani. Mtoto akajibu kutoka chumbani, "Ninakuja," akikaza ile "ni" ya mwanzo kama Mcheki. Mama akacheka, akaenda amsikie tena, na alipofungua mlango akamkuta mwanawe amekaa kitandani, mgongo wima, midomo imefumbwa, na bado ile sauti ikasema "ninakuja, ninakuja," ikitoka kooni mwa mtoto kama maji ndani ya bomba, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua.

Mganga aliyeletwa alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Alitaka kwanza kuisikia kazi yenyewe. Hakumaliza dakika akavua hedifoni.

"Umeivua sauti nguo, ukaiacha mlangoni," alisema. "Ulidhani watakaopita wataitazama tu?"

"Mwanangu atarudi?" mama alinong'ona.

"Huyu jini hawezi kuhamisha mkazo. Nitamtoa, lakini wewe ndiye mwenye masikio. Neno refu likikazwa mwanzo, jua si mwanao."

Rekodi zote zilifutwa. Mganga akasoma na kufukiza mpaka Kasuku akatapika maji meusi, akalala, akaamka.

"Mama," alisema.

Mama alimkumbatia akalia kwa furaha, na kwa siku kadhaa hakutaka kujua lingine. Kasuku alikula, akacheza, akaomba. Mama. Maji. Lala. Siku ya nane, akimchana nywele mbele ya kioo, mama alijikuta akihesabu, kwa mazoea ya kazi tu. Silabi mbili. Mbili. Mbili. Na katika neno la silabi mbili, ya kwanza na ya pili kutoka mwisho ni ileile. Mcheki na sisi tunalikaza mahali pamoja, na sikio haliwezi kujua nani anasema.

Kitana kikasimama.

"Sema 'ninakupenda', mwanangu," aliomba. "Mara moja tu."

Mtoto alimtazama kupitia kioo, akatabasamu bila kufumbua midomo.

"Mama," kilisema kile kitu kooni mwake.