Weka Zote Mbili

Huyu mama alikuwa jirani yetu, situngi. Mpiga picha, mcheshi, mdomo haufungi. Yeye na dada yake walikuwa na studio mbili, kila mmoja mji wake, na kompyuta zao walizifungamanisha mtandaoni kama kurwa na doto: picha ikipigwa kule, inaonekana huku, ikisafishwa huku, na kule inabadilika yenyewe. Sharti lao moja tu. Kabla hujaigusa picha, mpigie mwenzako.

Likizo ile binti yake alikuwa kwa mama mkubwa. Mtoto walimwita Kidoti, kwa sababu ya kidoti cheusi kando ya mdomo, naye akiringa nacho utadhani alikinunua. Asubuhi ikaingia picha yake ya pasipoti, ya shule mpya. Mama mtu akaifungua huku anabishana na mteja kuhusu fremu. Mkono wa fundi una mazoea yake, bwana. Chunusi, futa. Kovu, futa. Akafuta na kidoti. Akahifadhi.

Chai haijapoa, simu ikalia. Dada yake alikuwa ananong'ona.

"Mdogo wangu, umemfanya nini mtoto?"

"Nimemfanyaje tena?"

"Kidoti hakipo. Nimemsugua shavu kwa taulo mpaka amekimbilia chumbani analia. Hakipo."

Alitaka kucheka. Akatazama picha ya ukutani, ile ya Kidoti akitambaa. Shavu safi. Ile ya siku ya kwanza shuleni. Safi. Akafungua za zamani zote. Zote safi.

Akachora kidoti upande wa kushoto. Lakini dada mtu, kwa kiherehere cha mapenzi, naye alikuwa ameshachora kule, upande wa kulia. Kompyuta ikauliza: nakala hizi zinatofautiana, ibaki ipi?

Mungu wangu! Mtoto amemzaa mwenyewe, amemnyonyesha, amemfuta makamasi. Upande hakuukumbuka. Aliona aibu, akaona hofu, akaona akibonyeza vibaya mtoto ndiyo basi tena. Akabonyeza: weka zote mbili.

"Ametoka chumbani nacho!" dada akapaza sauti simuni. "Nafunga nyumba, namleta mwenyewe sasa hivi."

Alasiri mama akawahi nyumbani kuwapokea. Alipofungua mlango, Kidoti alikuwa jikoni anakula mkate. Kidoti chake kushoto.

"Mmefika saa ngapi? Mama mkubwa yuko wapi?"

"Mimi nipo tu, mama."

Hodi ikabishwa. Dada yake huyo mlangoni, jasho linamtoka, begi begani. Amemshika Kidoti mkono. Kidoti chake kulia.

Watoto walitazamana. Wakacheka. Yule wa jikoni akamkatia mwenzake kipande cha mkate.

"Futa mmoja," dada akanong'ona.

"Yupi?"

Dada akaingia kulala. Asubuhi akaondoka, hata chai hakuitaka.

Mama aliketi akiwaangalia wakicheza sebuleni. Wote wana cheko lile lile. Wote wanamwita mama. Haya, akajiambia, nikipewa wawili nitalea wawili, waja waseme watakavyo. Alishaanza hata kuwaza pea ya pili ya viatu.

Mchana simu ikalia.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Wanao wako wapi?"

"Hawa hapa, wote wawili. Kwani vipi?"

"Ndiyo kwanza naingia. Nimefungua kile chumba alichokimbilia jana."

Nyuma ya sauti ya dada, mtoto alikuwa analia. Kwikwi mbili, kimya, kwikwi. Kilio hicho mama angekijua hata usingizini. Ndipo alipogundua kwamba hawa wa kwake tangu jana hajawasikia wakilia.

"Shavuni hana kitu," dada akanong'ona. "Pamechubuka tu, pale nilipomsugua. Anauliza mbona tulimwacha."

Sebuleni, wale wawili wakaacha kucheza.