Mpira wa Kitanda cha Pili

Rafiki yangu ni muuguzi wa vichanga wasioweza kupumua wenyewe. Adhuhuri moja mwenzake alikwenda stoo kufuata dawa, akamtania, "Usiwaimbie, dada, na sauti yako hiyo." Rafiki yangu akabaki peke yake na watoto wawili na mlio wa mashine.

Umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Likawa giza totoro, mashine zikanyamaza. Hapo kila muuguzi hubana mpira wa kumpulizia mtoto hewa huku akihesabu kwa sauti, ili wenzake wajue mtoto yupi ana mtu wa kumpulizia. Akapapasa hadi kitanda cha kwanza. "Moja... mbili..." Kazi hiyo hutaka mikono yote miwili. Mtoto wa pili hakuwa na mtu.

Ndipo akasikia mpira wa pili: fuu, fuu, taratibu. Hakuna aliyehesabu.

"Umerudi, dada? Mungu akubariki."

Fuu, fuu.

Taa zikawaka. Mwenzake alikuwa nje, akigonga. "Nifungulie, mlango umegoma tangu giza liingie."

Mtoto wa pili alikuwa na joto, midomo myekundu. Kando ya shavu lake mpira ulikuwa umebonyea, ukijaa hewa polepole.