Abiria wa Kitanda Namba Tatu

Treni ilikuwa iondoke saa kumi na mbili jioni. Nilifika kituoni zimebaki dakika kumi, mtoto mgongoni, begi mkononi, jasho mpaka kwenye kope. Mpagazi mmoja akanipokea begi bila kuulizwa, akakimbia nalo hadi behewa la kulala. Nilipotaka kumpa chochote, akakataa.

"Mfikishe mtoto kwa baba yake," akasema.

Sijui alijuaje. Kweli nilikuwa nampeleka kwa baba yake. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliondoka kwenda kazi ya mbali nikiwa na mimba ya miezi saba, na sasa binti yetu naye alikuwa na miezi saba. Baba yake alimjua kwa picha za simu tu. Usiku mmoja na nusu siku ndani ya treni, halafu angembeba. Nilikuwa nimeiwaza siku hiyo mpaka imechakaa.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake. Vitanda vinne: viwili chini, viwili juu, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Namba moja alikaa fundi cherehani, mama mnene wa makamo mwenye kicheko cha karibu.

"Karibu, mdogo wangu. Mimi nakoroma, nakwambia mapema, usije ukadhani injini imeingia ndani." Akanipokea mtoto, akampima mgongo kwa viganja. "Huyu gauni lake ni nusu mita tu. Nikifika nitamshonea."

Namba mbili, juu yake, hakikuwa na mtu. Namba tatu, chini ng'ambo ya fundi, alikaa bibi mmoja mwembamba, msafi, mikono kaikunja mapajani kama anayesubiri kuitwa. Mimi nilikuwa namba nne. Juu, kichwani kwa bibi.

Mhudumu wa behewa akaja na kifuko cha kitambaa chenye mifuko midogo, kila mmoja na namba yake. Akakusanya tiketi.

"Zinakaa kwangu," akasema. "Kituo chako kikikaribia, nakuja kukuamsha. Lakini msibadilishane vitanda bila kunitaarifu. Mimi naamsha kitanda, siamshi mtu. Mwaka juzi nilimshusha bwana mmoja porini na nguo za kulalia."

"Eh! Mwenye kituo chake je?" fundi akauliza.

"Mwenye kituo ni mkewe. Alibaki amelala kwenye kitanda cha mumewe."

Fundi akacheka mpaka kitanda kikalia. Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanangu.

Mhudumu alipotoka, nikaitazama ile ngazi ya chuma. Nikamtazama mtoto, ambaye wiki ile ndiyo kwanza amejua kujibingirisha.

"Huko juu na kichanga?" bibi akasema. "Hapana, mwanangu. Wewe lala hapa kwangu. Mimi nitapanda."

"Bibi, utapandaje?"

"Nimezoea."

"Basi tumwambie mhudumu."

"Nitamwambia mwenyewe, naenda msalani." Akatoka, akarudi. "Nimeshamwambia."

Akapanda upesi, kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa umri wake. Kisha akaichomoa ngazi na kuilaza pembeni yake huko juu, akisema asije akaipiga teke usiku. Mwisho akanidondoshea na blanketi lake.

"Mfunike mjukuu wangu. Miguu isipate baridi."

Machozi yalinilenga. Tangu mume wangu aondoke, sikuwa nimesikia mtu akijali miguu ya mwanangu.

Nikalifunga komeo la mlango, nikalala.

Niliamshwa na ukimya.

Magurudumu hayakuwa na sauti. Nilidhani tumesimama, lakini dirishani miti ilikuwa inapita, mmoja baada ya mwingine, bila kishindo, bila kutikisika. Simu ilionyesha saa tisa na dakika saba. Kwenye dari kuliwaka kitaa kidogo cha buluu cha usiku. Fundi hakuwa anakoroma.

Ko... ko... ko.

"Kitanda namba tatu. Umefika."

Sauti ilikuwa kama ya mhudumu, ila imechoka, imechoka sana.

"Siyo hapa," nikanong'ona. "Mimi nashuka mwisho wa reli."

"Kitanda namba tatu. Umefika."

Hapo harufu ikaingia kwa chini ya mlango. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

"Bibi," nikaita. "Bibi, nadhani unaitwa wewe."

Kitanda cha juu yangu kilikuwa kinatetemeka. Mtu aliyelala hatetemeki vile. Halafu sauti yake ikateremka kwenye uwazi kati ya kitanda chake na ukuta, ile ile ya huruma aliyonipa nayo blanketi.

"Nenda tu, mwanangu. Haiumi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wenzio wote walikwenda kimya kimya," akasema.

Mlangoni, komeo nililolifunga kwa mkono wangu likaanza kusogea. Polepole... kidogo... kidogo tena. Nikajaribu kufungua dirisha, halikuinuka. Ngazi alikuwa nayo yeye. Chumba kile kina mlango mmoja, na mlango ule ulikuwa na mtu.

Mkono ukanishika. Ni fundi. Alikuwa amejibana ukutani na kuinua shuka lake, akanivuta na mtoto, akatufunika. Mwanamke mnene vile, kitanda chembamba vile, sijui alipata wapi nafasi.

"Usipumue," akaniambia sikioni.

Kikaingia.

Kilivaa sare ya mhudumu, suruali imepigwa pasi ikasimama mstari. Viatu vilikuwa na tope mpaka kwenye kamba. Uso sikuuona, kofia ilikuwa imeshuka sana. Kikainama juu ya kitanda namba tatu, kikapapasa miguuni, katikati, kwenye mto. Taratibu, kama mama anayeangalia iwapo mtoto amelowesha.

"Bado kina joto," kikasema. "Joto la wawili. Mkubwa na mdogo."

Kikaketi. Kikaweka mikono juu ya magoti.

"Nitasubiri."

Nikangoja kiondoke, hakikuondoka. Kati yetu na chenyewe palikuwa na hatua moja tu. Kama ningenyoosha mguu ningeligusa lile tope. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mkono wa fundi mgongoni mwangu ulikuwa umelowa jasho na haukuniachia hata mara moja. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: mtoto asiamke.

Akaamka.

Nikampa ziwa kabla hajafungua mdomo kulia. Akanyonya. Na sauti ile ndogo ya kunyonya, ambayo nyumbani hata siisikii, ikawa ndiyo sauti pekee ndani ya chumba.

Kofia ikageuka.

"Samahani," kikasema kwa adabu. "Nani mwenye kitanda namba tatu?"

Juu, bibi akanong'ona haraka haraka. "Usiseme, mwanangu. Nilikupa kitanda. Nilikupa blanketi langu mwenyewe. Usiseme."

Na ilikuwa kweli, alinipa. Ndiyo maana ulimi wangu ulikuwa mzito. Mimi nikitendewa wema siusahau, hata uwe mdogo wa kuokotewa kijiko.

Lakini mkono ulikuwa umeanza kunyooka kutoka kitanda namba tatu. Mrefu. Ukavuka ile nafasi ya kupita mtu, vidole vimelegea. Kidole kimoja kikatua juu ya kisogo cha mwanangu, kikatulia hapo.

"Yuko juu," nikasema. "Namba nne. Tumebadilishana."

Mkono ukarudi. Kikasimama, kichwa kikafika usawa wa kitanda cha juu.

Bibi hakupiga kelele. Alisema tu "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu. Shuka likaburuzika. Kitu chepesi kikateremshwa, chepesi kama nguo zilizokauka.

Nikasikia hatua zikienda mlangoni. Zikasimama.

"Na mdogo?"

"Hakuna mdogo," nikasema. Nilimkumbatia mpaka nikaogopa nitamvunja.

"Walilala wawili."

"Hakuna!"

Kitaa cha buluu kikazimika.

Sikuvutwa. Sikunyang'anywa. Naapa hakuna mkono ulionigusa. Ila kwa muda wa pumzi moja, mikono yangu ilikuwa mitupu. Ilikuwa imekunjwa vile vile, imebana vile vile, na ndani yake hamna kitu. Ziwa langu lilipigwa na baridi.

Pumzi moja.

Halafu uzito ukarudi. Joto likarudi. Mdomo ukashika ziwa, ukaendelea kunyonya.

Na chini yetu magurudumu yakaanza tena kugonga reli, ta-ta, ta-ta, kana kwamba hayakuwahi kunyamaza.

Kulipokucha, kitanda namba nne kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa, ngazi imetundikwa mahali pake. Nilitaka kunawa uso, nikamwomba fundi anishikie mtoto kidogo.

"Mikono inaniuma leo, mdogo wangu," akasema. Alikuwa anatazama dirisha.

Kituo chake kilipofika akanikumbatia kwa nguvu, akalia begani kwangu. Lakini alikuwa amejipinda ubavu, mwili wake usimguse mtoto. Habari ya gauni hakuitaja tena. Huyu ndiye aliyetufunika na shuka lake usiku, sikuweza kumlaumu.

Mhudumu akaja kurudisha tiketi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akanikuta namba tatu.

"Mbona umekaa huku? Wewe si namba nne?"

"Tulibadilishana. Bibi hakukwambia?"

"Hajaniambia kitu." Akakaa ukingoni, akajifuta uso. "Yule bibi namfahamu. Husafiri na sisi kila mwaka, wiki hii hii. Ana huruma yule! Kila mwaka lazima ampishe kitanda mama mwenye mtoto. Nikimuuliza, anasema vijana wanachoka."

"Na hao akina mama..."

"Hao nao wana mambo yao. Wanakata tiketi ya mwisho wa reli, asubuhi naleta tiketi, hayupo, kashuka njiani na mtoto wake usiku. Mwaka jana hivyo hivyo. Sisi hatumshikilii mtu." Akaichomoa tiketi ya namba tatu, akaigeuza. "Leo kashuka mwenyewe. Tulisimama porini alfajiri kupisha treni ya mizigo, nikamwona anakwenda kwenye majani, hageuki nyuma. Nilichoshangaa ni mjukuu. Sikumwona akipanda naye."

"Mjukuu gani?"

"Si huyo aliyembeba mgongoni? Kichanga, umri kama wa huyu wako. Masikini, kililia! Nilikisikia mpaka kikapotea."

Hakuniona nilivyoshika chuma cha kitanda. Alikuwa anamchekea mwanangu, akimtikisia kile kifuko cha tiketi.

"Wa kwako mtulivu," akasema. "Una bahati."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikamvua nguo zote. Alama ya kuzaliwa nyuma ya sikio la kushoto, ipo. Meno mawili ya chini, yapo. Kovu la chanjo, lipo. Nilimnusa shingoni. Harufu ya maziwa. Nilimnusa tena na tena, na mwisho sikujua tena ninanusa nini.

Baba yake alikuwa amesimama kituoni na shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Alimbeba akalia mbele za watu bila haya. Mafundi wenzake wakamzunguka, wakasema pua ya baba, paji la uso la baba. Nani angesema vingine? Hakuna aliyewahi kumwona. Ninayemjua ni mimi peke yangu.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tufike. Mume wangu ametuundia kitanda kidogo cha vyuma vya mabaki, kingo amezipiga msasa mpaka ziteleze, mtoto asichubuke. Mtoto anakua. Anacheka akitekenywa. Lakini halii. Tangu treni ile hajalia hata mara moja, si kwa njaa, si kwa sindano ya kliniki. Na mimi huwa nashtuka saa tisa usiku, kila usiku, namkuta ameshaamka. Amekaa wima, kimya, anautazama mlango.

Sijamwambia mume wangu. Nitaanzia wapi? Anavyompenda!

Namchukua, namlaza kifuani, nampa ziwa. Kama ni wangu, ana haki nalo. Kama si wangu, basi naye kuna mahali alitolewa, na hakuomba kuja. Ananyonya huku amenishika kidole, nami nampapasa mgongo mpaka kukuche, nikiwaza juu ya yule aliyekuwa analia kwenye majani. Nawaza kama huko aliko kuna mtu mwenye maziwa. Nawaza kama amepata wa kumshika hivi.