Mama Daktari

Sogeeni karibu, ndugu zangu, wazazi hasa. Jambo hili halikutokea kwa watu wa mbali ili tupate wa kumcheka. Limetokea kwetu sisi, katikati ya kwaya, kwa watu wanaoshika Biblia mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Asubuhi ile ukumbi wa chuo ulikuwa umependeza. Chuo chenyewe ni kidogo, cha kanisa: madarasa machache, mabweni mawili, na maktaba ambayo ndiyo hiyo hiyo ukumbi wa ibada. Rafu zilikuwa zimesukumwa ukutani, viti vimepangwa, na harufu ya chai ya tangawizi ilikuwa inapita dirishani. Kila mwaka wahitimu huitwa warudi na wazazi wao kumshukuru Mungu, na kila mmoja husimama akaeleza kazi anayoifanya. Mkuu wa chuo, mzee mfupi asiyependa makeke, alifungua kwa maneno yake ya siku zote: "Semeni kazi mnayoifanya, siyo mnayoiota."

Wakasimama. Mmoja alikuwa anafundisha shule ya msingi. Mwingine, msomi wa uhasibu, alisema anafuga kuku, na kwamba mayai tutakayokula na chai yametoka kwake, kwa hiyo anayelalamika amlalamikie yeye. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kijana mwingine akasema bado anatafuta. Wenzake wakamwekea mikono wakamwombea pale pale. Ilikuwa ibada nzuri.

Katikati ya ukumbi alikaa mama mmoja, mfagizi wa ofisi kwa kazi yake. Kulia kwake alikuwa bintiye, kushoto jirani yake, fundi cherehani, rafiki yake wa miaka mingi. Zamu ya binti ilipofika, akashika kiti ainuke. Mama akaidaka sketi yake kwa nyuma, akamvuta chini.

"Kaa."

"Mama, ni zamu yangu."

"Kaa, nimesema! Usinivue nguo mbele za watu."

Binti akakaa, uso umemwiva. Mkuu wa chuo alisubiri kidogo, kisha akamwita mwingine.

"Mbona daktari wetu hasimami?" fundi akanong'ona.

"Madaktari hawajitangazi," mama akajibu bila kumtazama. "Ni mwiko wa kazi yao."

"Ahaa! Ndiyo maana wanaheshimika."

Masikini fundi, aliamini. Na kwa nini asiamini? Rafiki yako wa chanda na pete akikuambia kitu ndani ya nyumba ya Mungu, utamdai ushahidi?

Binti hakuwa daktari. Alisomea afya ya jamii, akafaulu vizuri, na baada ya kuzunguka na vyeti mpaka soli zikaisha alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawageuza kitandani wasitoke vidonda, akawakata kucha, akawasafisha miguu chini ya macho ya muuguzi. Wazee walimwita mjukuu. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini ulikuwa unaingia, na yeye kazi aliipenda. Siku ya kwanza alimpigia mama yake kwa furaha, na mama alifurahi naye vizuri tu mpaka aliposikia neno ndoo.

"Ndoo ya nini?"

"Ya kuogeshea wazee, mama."

Mama akasema, "Mimi nimefagia ofisi za watu mpaka magoti yameota sugu, ili wewe usishike ndoo. Leo na joho lako unaniambia ndoo?"

Tusimhukumu upesi. Mama yule alijua ndoo ni nini. Kwa miaka mingi alipiga deki huku wenye ofisi wakimruka pale chini bila hata salamu, wengine wakikanyaga alipomaliza kufuta na kuendelea na stori zao. Aliapa mwanawe hatarukwa hivyo. Kiapo chake kilikuwa kizuri. Kilichomharibu ni aibu.

Jumapili iliyofuata wanakwaya wenzake walimuuliza mama bintiye amepata kazi wapi. Mdomo ukamtangulia: "Yuko kwenye mambo ya udaktari." Mnajua safari ya maneno. Jumapili ya pili "mambo ya" yalishadondoka njiani, ukabaki udaktari mtupu. Mchungaji akautaja kwenye maombi. Mfagizi akaanza kuitwa Mama Daktari, akasogezewa kiti cha mbele, akaulizwa maoni yake hata kwenye mambo asiyoyajua. Kilemba cha ukoka, naye akakifunga vizuri kichwani.

Binti alipokuja likizo akasikia anavyoitwa, alimkabili mama yake jikoni.

"Mama, huu si uongo?"

"Ni kukiri kwa imani, mwanangu. Wewe nyamaza, Mungu atatimiza."

Binti akanyamaza, kwa adabu. Adabu ni kitu chema, sikatai. Lakini adabu inayolinda uongo huzaa mauti, na mtoto akishaliona hilo aseme, hata kama mama atanuna.

Haukupita muda mrefu baada ya ibada ile, fundi akakanyaga sindano chini ya cherehani yake. Alikuwa anakanyaga pedeli peku, kama kawaida yake. Fundi alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na miguu yake ilishaanza kufa ganzi, kwa hiyo hakusikia maumivu ya maana. Kidonda kilipogoma kupona, akaja kwa jirani yake akichechemea.

"Dada, niulizie kwa daktari. Nifanye nini?"

Mama akaingia chumbani na simu, akaufunga mlango. Hakupiga. Alijua binti atasema hapana, mlete hospitali, nipe nizungumze naye mwenyewe, na humo humo siri itatoka. Akakaa kitandani, simu mapajani, mpaka muda wa mazungumzo ukawa umetosha. Kisha akatoka.

"Amesema uukande mguu kwa maji ya moto ya chumvi, asubuhi na jioni. Kidonda kitakauka."

"Nisiende zahanati?"

"Ukapange foleni ya nini, na daktari unaye?"

Mungu atusamehe. Mguu usiosikia moto, anaupeleka kwenye maji ya moto! Na mtu wa kumwambia kwamba hivyo sivyo alikuwa bintiye, aliyekuwa akisafisha miguu ya namna hiyo kila siku ya kazi, kazi ile ile ambayo mama aliionea haya.

Fundi alifuata kama alivyoambiwa. Kidonda kikapanuka. Akaleta habari kwamba kidole kimeanza kuwa cheusi, na mama akajibu, huku akipanga vyombo ili asimwangalie, "Amesema huo ni uchafu unatoka." Moyoni alijua. Usiku ule mara nyingi aliinuka aende kwa jirani akaseme, na kila alipofika mlangoni aliwaza kwaya, kiti cha mbele, lile jina, akarudi ndani. Kusema siku ya kwanza kungemgharimu kicheko. Sasa kungemgharimu zaidi, na kesho zaidi ya leo.

Binti alikuja bila kutoa taarifa. Kabla hata ya kuvua viatu, akaenda kumsalimia fundi. Harufu ilimpokea mlangoni.

"Karibu, daktari wangu!" fundi akasema. Alikuwa anatetemeka kwa homa, uso umemng'aa kwa jasho. "Dawa yako ya chumvi nimeifuata, mwanangu, sijaruka hata mara moja."

"Dawa yangu, mama mdogo?"

Akafunua kitambaa kilichofunga kidonda. Akautazama mguu, kisha akageuka akamtazama mama yake, aliyekuwa amemfuata na kusimama kizingitini. Mama akainamisha kichwa.

"Mama mdogo, nisikilize," binti akasema. "Mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Mimi naogesha wazee. Hiyo dawa sikuisema mimi. Tafadhali, twende hospitali sasa hivi."

Fundi hakuelewa. Aliendelea kumtazama binti, kisha mama, kisha binti. Alielewa wakiwa ndani ya gari.

Hospitali walijitahidi kuokoa uhai, na uhai waliuokoa. Mguu waliukata chini ya goti. Ulikuwa mguu wake wa kukanyagia cherehani.

Mama alijificha ndani kwa aibu. Kwaya walimletea salamu, akajifanya anaumwa. Binti hakumgombeza. Kila asubuhi alikwenda wodini kumhudumia fundi, akirudi anafua, anakula, analala, bila neno. Mwishowe mama hakuweza kuvumilia ule ukimya. Akajitanda khanga, akaenda.

Alimkuta binti ameinama kitandani, amevuta pazia, anamwogesha fundi mgongo. Mama akaanguka magotini palepale sakafuni.

"Dada yangu, ni mimi. Sikumpigia simu hata mara moja. Yote niliyasema mimi. Niliona haya kusema mwanangu anaogesha watu."

Binti alipomaliza bega la pili, fundi akageuka.

"Uliona haya kwa sababu ya hiki anachonifanyia?" akauliza. "Hiki hapa?"

Mama akaitazama ndoo iliyokuwa kando ya kitanda.

"Mume wangu ameshindwa kuutazama huu mguu. Dada zangu wanasimama pale mlangoni, wanaziba pua. Huyu tu ndiye ananishika." Akapumua. "Msamaha nitautafuta, kwa sababu naomba sala ile ile unayoomba wewe. Lakini leo sinao, usinidanganye na machozi. Inuka hapo chini. Mwanao maji yamepoa, kamletee mengine."

Mama akainuka, akachukua ndoo, akapita nayo katikati ya wodi mbele ya watu wote.

FUNZO

Ndugu zangu, vyuo vyetu hivi vidogo havitoi madaktari na mameneja tu. Vinatoa pia wafuga kuku, walimu wa watoto wadogo, waogeshaji wa wazee, na wengine bado wanatafuta. Mzazi, usimpandishe mwanao cheo ambacho hajapewa. Kuna mtu atakiamini cheo hicho siku anapougua. Na wewe mhitimu, heshimu wazazi, lakini usikubali kuvutwa sketi ukakaa: ukiulizwa kazi yako, simama uitaje. Kazi halali haimwaibishi mtu. Sisi ndio tunaoiaibisha, na anayelipia aibu yetu mara nyingi ni jirani aliyetuamini.