Mkate wa Elyor

Mkate wa makumbusho ulikuwa unanukia. Mimi naanzia hapo, maana mkate uliotundikwa ukutani tangu vita vya enzi za bibi zetu hauna ruhusa ya kunukia kama umetoka tanuruni sasa hivi.

Hosiyat na Zulhumor, mke wa mwanawe Elyor, walikuwa wamefurahi tangu asubuhi. Joto la jangwa la Qizilqum lilikuwa limepungua, matikiti yamejaa kando ya barabara, na pilau yao waliilia jangwani chini ya miti ya saksauli, wakacheka mpaka basi.

"Mama, twende tukaone makumbusho ya mji," alisema Zulhumor. "Nasikia wana birika kama lako."

"Na mimi watanitundika lini?"

"Ukiacha kuninunia, mama."

Ndani kulikuwa na mazulia ya manyoya, kapi la kisima, na ule mkate, mkavu kama kigae, umeng'atwa mara moja tu. Hosiyat aliusogelea. Nyumbani kwake ulitundikwa wa namna hiyohiyo. Elyor aliung'ata asubuhi ya kwenda kazini Urusi, kama wanavyofanya wote wanaoondoka kwao, ili mkate umsubiri mpaka arudi aumalize mwenyewe. Na sasa alikuwa amebakiza wiki moja tu arudi.

Yule mama akamhurumia aliyeung'ata huu wa makumbusho asirudi. Akaugusa mkate, akasema kwa sauti, "Maskini mwanangu, umechelewa wapi? Njoo ule mkate wako."

"Astaghfirullah!" Bi Sojida, mtunza makumbusho, alikuja mbio. "Mama, umemkaribisha nani?"

"Mwenye mkate."

"Mwenye mkate alifia vitani! Wanaosikia huku jangwani ni wengine."

Wote watatu wakasikia. Mtu alikuwa anatafuna, polepole, nyuma ya mazulia, wala nyuma ya mazulia hapakuwa na mtu. Kisha kutafuna kukahamia mlangoni, kukatoka nje. Bi Sojida akautazama mkate wake. Ulikuwa mzima, na harufu imekwisha.

"Huu hakuutaka," alinong'ona. "Nyumbani una mkate wa msafiri?"

Hosiyat akaushika mkono wa Zulhumor.

"Kimbieni! Akiumaliza, anamlia msafiri hamu yake ya kurudi kwao."

Zulhumor aliendesha gari kama mwendawazimu, upepo ukipuliza mchanga barabarani, na Hosiyat akisoma kila dua aliyowahi kufundishwa na nyingine alizozitunga papo hapo, na harufu ya mkate wa moto ikiwatangulia katika kila kona, wakafunga vioo ikazidi, wakavifungua ikazidi, mpaka wakaliona geti lao la buluu na jua bado liko juu, na kuku wote wa uani wamejibanza ukutani wameutazama mlango wa nyumba.

Kufuli lilikuwa limefungwa kama walivyoliacha. Zulhumor alilifungua.

Ukutani ulibaki msumari tu. Kitambaa kilichoufunika mkate kilikuwa chini, kimekunjwa vizuri, na chembe za mkate juu yake.

"Ya Rabi, mwanangu!" Hosiyat alilia.

Simu ikaita. Alikuwa Elyor. Zulhumor aliiweka sauti ya juu ili mama naye asikie.

"Elyor! Uko salama? Tiketi unayo?"

"Niko salama kabisa." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu aliyetoka kula. "Tiketi nimeirudisha leo hii. Sijui nikwambieje, Zulhumor. Nilikuwa nawakumbuka mpaka silali, halafu mchana huu nikajikuta nimeshiba tu. Mwambie mama msinisubiri."

"Elyor, mwanangu, ni mimi! Rudi nyumbani!"

"Kwa nini, mama?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. Kisha akakata.

Ndipo kutoka chumba cha ndani, kile cha Elyor, kitanda kikalia kama mtu anaamka, na sauti ya Elyor yuleyule, mdomo umejaa, ikaita:

"Mama, mmerudi? Nileteeni chai basi."