Vidole Kwenye Tofali

Kila Jumamosi Janiyah alibeba maji ya wageni, akamfuata shangazi yake Lorraine, aliyewatembeza watu katika chuo kikuu cha mjini kwao, Carolina Kusini, Marekani, akiwasimulia habari za watumwa waliokijenga.

Matembezi yaliishia kwenye ukuta wa maktaba. Matofali yake yaligeuzwa juani na watoto wa kitumwa yakiwa bado mabichi, na moja lilibaki na alama za vidole vidogo. Hapo shangazi husema, “Jina lake hatulijui,” kisha watu wote huvua kofia na kunyamaza.

Jumamosi hiyo mafua yalimkausha shangazi sauti, akamwachia Janiyah kituo hicho cha mwisho. Wageni walikuwa wamechoka. Binamu yake, Deshawn, akamnong’oneza, “Wanapiga miayo hao! Huna hadithi wewe?”

Janiyah akaona haya. “Aliitwa Hester,” akasema. “Alikuwa na miaka minane. Alianguka akafa papa hapa.”

Mama mmoja akalia. Janiyah akavimba kichwa.

“Umejuaje, binti?” akauliza bwana mmoja mwenye fimbo.

Janiyah akageuka kumtazama shangazi.

“Si nilisema?” bwana yule akawaambia wenzake. “Wanajitungia tu hawa! Hata vidole hivyo ni uongo.” Akageuka kuondoka, na wageni karibu wote wakamfuata.

“Nani kakwambia habari za Hester?” shangazi akauliza kwa sauti iliyokwaruza.

“Hakuna, shangazi. Nimetunga.”

“Basi kawaambie. Sasa hivi.”

Janiyah akawakimbilia wageni. “Jina nimelitunga mimi! Mwongo ni mimi, vidole ni vya kweli. Tafadhali, rudini mguse!”

“Mwongo ni mwongo tu,” yule bwana akajibu, akaenda zake. Wengi wakaenda naye. Akarudi yule mama aliyelia, akajaribu kutia kidole chake kwenye alama. Hata kidole kidogo cha mwisho hakikuingia. Safari hii hakulia. Alivua kofia, akanyamaza.

Janiyah ndiye aliyelia. “Nilitaka wamhurumie, shangazi.”

“Najua, mwanangu. Lakini waliomnunua walimfutia jina lake. Ukimbandika la uongo, unamfuta mara ya pili, na wanaomkana unawapa fimbo ya kutupigia. Usilolijua, sema hulijui.”

Janiyah akausogelea ukuta, akaweka kiganja chini ya alama zile.

“Jina lake hatulijui,” akasema.