Uzi wa Puani

Walikutana kwenye duka la simu, saa sita mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Dada huyu, mpiga eksirei wa hospitali, alikuwa na viatu vyeupe vipya. Tone la damu likadondoka juu ya kimoja.

"Ebo! Kaka, unanimwagia damu?"

"Samahani, dada. Pua yangu haina adabu."

Kijana alikuwa amependeza, usiseme: shati la bluu limenyooshwa, macho yamejaa utani. Alikuwa fundi wa kung'arisha vyuma kwa kromu, wenzake wakimwita Kioo. Akachuchumaa palepale akakisafisha kiatu.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo mkubwa!"

Jumapili moja, sebuleni kwa mama wa dada huyo, Kioo alichomoa uzi kwenye kitambaa, akauingiza tundu moja la pua, akautolea tundu la pili. "Umeona? Mvuke wa tangi la kromu umenitoboa ukuta wa pua! Kiwandani kwetu huitwi fundi mpaka uzi upite. Juzi wamenipigia makofi."

Dada hakucheka. Marehemu baba yake alikuwa akimfanyia mchezo huohuo, naye fundi wa kiwanda kilekile, na yeye, mtoto, akicheka mpaka machozi. Saratani ikamla baba mapafu, na mwenye kiwanda akaja msibani akasema ni sigara. Baba hakuwahi kuvuta hata moja!

"Toka."

"Mpenzi, utani tu..."

"Toka! Mvuke unaotoboa pua unaishia puani? Mnapigiana makofi ya kaburi! Sitazika wawili wa tangi moja!"

Akaubamiza mlango. Wiki mbili zikapita. Aliapa hatapiga simu, akapiga mara tano, haikupokelewa. Kumbe tangi ni tamu kuliko mimi, akajisemea.

Jumatatu alifungua chumba cha eksirei. Wanaume tisa wamekaa kwenye benchi, Kioo wa mwisho.

"Simu zangu ulizipeleka wapi?"

"Niliona aibu kupokea nikiwa sina la kukuambia. Hawa wote uzi unapita. Tumemwambia bosi hatugusi tangi mpaka alete feni za kuvuta mvuke na barakoa za kweli. Katufukuza. Tunakwenda kwa mkaguzi wa kazi, na picha zetu za kifua mkononi."

"Bosi anasemaje?"

"Eti ni sigara."

Akawageukia wote. "Nani kati yenu anavuta?"

Mkono mmoja ukainuka. Mmoja, kati ya tisa!

Aliwapiga picha mmoja mmoja. Zamu ya Kioo ilipofika, akasimama kifua wazi mbele ya ubao baridi wa eksirei.

"Nataka kukuoa," akasema Kioo. "Lakini ngoja picha kwanza. Ikiwa mbaya, sitakulaumu."

"Mjinga wewe! Utanioa hata ikiwa mbaya, na yule mwenye kiwanda nitamfuata mpaka mahakamani, kwa ajili yako na ya baba. Sasa nyamaza. Vuta pumzi. Usiitoe."

Kioo akavuta pumzi, akaishikilia.